Paka Niliyempa Hadi Jumamosi

Mume wangu aliingia na paka ndani ya koti lake siku ya Jumanne, jua likiwa linaanza kushuka nyuma ya milima, mimi nimeinama uani nakusanya ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Hakusema amekuja na nini. Alishusha zipu kidogo tu, kichwa kikatokeza, kidogo kama ndimu, masikio makubwa kuliko uso. Watoto wakapiga kelele hadi majirani wakatoka kuangalia nani amefika.

Nilisema, "Hapana."

"Haujamuona hata vizuri," alinijibu.

"Nimemuona. Hapana."

Watu nikiwasimulia hasira yangu ya siku ile wanacheka. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, amemaliza sekondari, anagombana na kitu chenye uzito wa viazi viwili! Wacheke. Hawajui mambo yaliyotangulia, na mimi huwa siwaambii. Leo nitayasema.

Ninauza ndagala. Asubuhi nanunua mbichi ufukweni mitumbwi ikifika, naanika uani juu ya wavu wa zamani tuliounyoosha kwenye miti, jioni nakusanya, na zilizokauka naweka ndani kwenye magunia. Nyumba yetu ni vyumba viwili, watu watano na magunia manne. Zamani panya hawakutusumbua. Lakini ziwa lilipopanda likaingia katika nyumba za chini, watu wa kule walihama kuja huku juu, na panya nao walihama. Tofauti ni kwamba watu walibisha hodi.

Panya walikula gunia moja kutoka chini. Nilipolinyanyua lilibaki jepesi mkononi, na ndagala zikamwagika kama mchanga, zimechanganyika na mavi. Nililia kwa hasira. Kesho yake muuzaji wa sumu alipita na kipaza sauti chake, nikanunua pakiti nne. Ni sumu nyekundu, inafanana na pilipili iliyosagwa. Nilipaka kwenye vichwa vya ndagala, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayepika chakula cha wageni, nikavitega nyuma ya magunia.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miezi kumi. Alikuwa ameanza kutambaa wiki ileile, na mimi nilikuwa bado namhesabu kama mtoto wa kukaa pale nilipomweka. Nilisimama mlangoni nabishana na mteja. Niliporudi hakuwa mkekani. Nilimkuta nyuma ya magunia, amekaa vizuri, ameshika kichwa cha ndagala kwa vidole viwili, kichwa chekundu, na mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nilimpiga mkono kile kichwa kikaruka. Nilimsafisha mdomo kwa kidole changu hadi akatapika, nikapanda moto naye, ile pikipiki ya abiria, hadi kituo cha afya bila viatu. Walimchunguza, wakatuweka pale hadi alasiri. Hakuwa amemeza kitu. Alikuwa anamchekea muuguzi.

Mume wangu alitoka gereji mbio na mikono ya oili. Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, hakupaza sauti. Afadhali angenitukana, ningejibu. Aliuliza neno moja tu:

"Ingine iko wapi?"

"Nilitupa yote mu choo."

Niliitupa kweli, isipokuwa pakiti moja. Hiyo nilipanda kwenye kiti nikaificha juu ya kabati, chini ya valizi, sanduku letu kuukuu la nguo. Sina sababu nzuri. Panya walikuwa bado wako, magunia yalikuwa bado yako, na mimi ndiye niliyejua watoto watakula nini ndagala zikiisha. Nilijiambia pale juu hakuna mtoto anayefika.

Basi wiki mbili baadaye ndiyo anakuja na paka ndani ya koti. Unaelewa sasa? Mwanaume hakunilaumu hata siku moja, halafu ananiletea lawama yenye manyoya na mkia, na kila ikilia nyau mimi nasikia lile swali lake la kituo cha afya. Nilitamani kumrudisha yeye na paka wake pamoja.

"Nimempata kwa mteja wangu," alisema. "Mama yake amekufa, amegongwa na moto. Haiko mtu wa kumulea."

"Na hapa iko mtu wa kumlea? Nina watatu. Panya wa hapa ni wakubwa kumliko, watamla yeye. Kitu hiki hakiwezi kuua hata mende." Nikainua kidole, kama mwalimu. "Nampa hadi Jumamosi. Jumamosi anarudi alikotoka."

Binti zangu wawili walinyamaza. Wa kwanza ana miaka saba, wa pili mitano. Nilifikiri wamenyamaza kwa kutii. Mama yeyote aliye na akili angejua kwamba watoto wakinyamaza pamoja wanapanga.

Jumatano asubuhi mama mkwe wangu alivuka njia kuja kuona. Ana mdomo kama wangu, ndiyo maana tunapatana. Alimwinua paka kwa mkono mmoja, akamgeuza tumbo juu.

"Mukwe wangu, hii ni paka ao ni panya mwenyewe?"

"Muulize mtoto wako, mama. Yeye njo ameleta."

"Iko tebwe-tebwe. Haina mufupa." Akamweka chini. "Ingekuwa muntu, ningesema ikandwe."

Aliondoka. Hakuna aliyemjali, isipokuwa wale wawili waliokuwa kimya.

Siku ile nzima paka hakukanyaga chini. Ilikuwa likizo, wasichana hawakuwa na kazi nyingine. Wa pili alichukua kitenge changu cha kanisani, si kimoja cha zamani, hapana, cha kanisani, akamfunga mgongoni kama mtoto mchanga. Masikio mawili yalichungulia juu. Alizunguka uani akimpigapiga matako na kumwimbia, na paka akalala! Nimebeba watoto watatu mgongoni na hakuna aliyewahi kulala upesi hivyo. Wa kwanza alimtafunia bukari, ugali wetu, akampa kwa kidole. Alipokataa, alimgombeza kwa sauti yangu kabisa: "Weye unafikiri chakula inatokea mbinguni? Kula! Kuko watoto wanalala njaa!" Nilisimama mlangoni nikijisikiliza. Sikujua kwamba naongea hivyo.

Yule wa mwisho alimfuata kwa kutambaa, akipiga mikono chini pa-pa-pa. Akimfikia anamshika mkia, paka anageuka na kumtazama kwa uvumilivu mkubwa. Jioni nilimkuta paka amelala katika beseni la ndagala, na ndagala moja mdomoni, usingizi ulimkuta kabla hajameza. Nilimwinua kwa ngozi ya shingo. Alining'inia mkononi, ndagala yake haikuanguka. Nilimpa vichwa vitatu vingine. Hata mfungwa anakula.

Alhamisi nilitoka sokoni mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Lemera na upepo ulikuwa na baridi ya milimani. Nilifika na beseni kichwani, nikakuta wasichana wamekaa mkekani bega kwa bega, mikono magotini, kama wako kanisani mstari wa mbele. Mtoto wa mwisho alikuwa amelala. Katikati ya mkeka kulikuwa na kitenge changu.

"Paka iko wapi?"

Wa pili alitazama kitenge. Nilifunua.

Alikuwa ameloa, amelala ubavu, miguu imenyooka. Mdomo wazi. Alikuwa amejiharia. Na kuzunguka mdomo, kwenye manyoya meupe ya kidevu, palikuwa pekundu.

Sijui niliweka beseni wapi. Nilichoona mimi ni kile kichwa cha ndagala, na vidole viwili. Niliingia chumbani, nikavuta kiti, nikapanda, nikapeleka mkono chini ya valizi. Hakuna kitu. Nilipapasa juu ya kabati yote, vumbi likaniingia machoni. Hakuna kitu. Pale juu niliwaza: paka amekula, na kama paka amekula basi pakiti iko chini, na kama iko chini, mtoto aliyelala pale, je, amelala kweli?

Niliruka nikamwamsha. Alilia kwa hasira, mdomo safi, ulimi safi. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Nikampakata mkono mmoja nikapanda tena, na safari hii nilitazama kwa macho badala ya mkono.

Juu kabisa, pale ukuta unapokutana na bati, palipo na upenyo ambao hata mimi juu ya kiti siufikii bila kusimama kwa vidole vya miguu, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Limefunikwa. Limezungushwa mara tatu kwa mpira mweusi, ule mpira wa ndani ya gurudumu anaoukata mume wangu gereji na kufungia kila kitu, kuanzia mlango hadi suruali. Nilifungua. Pakiti yangu ilikuwa ndani, haijaguswa, imeviringishwa ndani ya mifuko miwili.

Nililifunga kopo nikalirudisha mahali pake, nikakaa juu ya kile kiti na mtoto mapajani. Alijua. Aliipata, sijui siku gani, labda jioni ileile tuliyotoka kituo cha afya. Alijua nimemdanganya. Akaifunga akaipandisha juu zaidi, akaniacha na uongo wangu, akaenda kutafuta paka.

Kisha nikakumbuka kwamba mkekani kuna kitu kinakufa bila kujulikana kinakufa kwa nini.

"Mulimupa nini?" Nilisimama mbele yao. "Nisemeni kweli. Sitapiga."

"Utapiga," alisema wa kwanza.

"Sitapiga!"

"Uko unapiga kelele ya kupiga."

Nilichuchumaa. Nilishusha sauti hadi ikafika mahali ambapo sijazoea kuiweka. Wa pili ndiye aliyefungua mdomo.

"Ni mawese tu, Mama."

Ilitoka yote kwa vipande. Mimi nilisema paka ni dhaifu, hawezi mende, Jumamosi anarudi. Bibi yao alisema hana mfupa, angekuwa mtu angekandwa. Na wao walikuwa wameona kwa macho yao mtoto anavyokomazwa: mdogo wao alipozaliwa, bibi alikuja kila asubuhi na kikombe cha mawese vuguvugu, akamlaza juani, akamkanda mgongo, akamvuta mikono na miguu, akamkunja, akamnyoosha, hadi mtoto akang'aa kama chungwa. Na tazama, leo anatambaa! Basi walichukua mawese yangu mekundu ya kupikia, wakamkanda paka. Asubuhi, na tena mchana. Walimvuta miguu. Walimnyoosha shingo. Paka akajilamba, kama paka yeyote, akala mawese yote ya mwili mzima. Akaanza kuhara. Walipoona amechafuka na mama anakaribia kurudi, walimwosha kwa sabuni na maji ya pipa.

"Tulitaka akomae mbele ya Jumamosi," alisema wa kwanza, na sasa akaanza kulia. "Ili usimurudishe."

Mimi nilikuwa na hasira ya kupasua bati, na hapakuwa na mtu wa kumwelekezea. Nani? Mama mkwe alitania. Watoto walifanya walichoona. Mume wangu alinyamaza. Ukitafuta aliyesema neno baya katika nyumba ile tangu Jumanne, ni mimi peke yangu.

Mvua ikaanza kupiga bati. Niliwasha mkaa, nikapasha maji, nikampangusa paka kwa kitambaa cha moto, nikamkausha na kitenge. Cha kanisani, ndiyo, hichohicho. Alikuwa hatetemeki tena. Hilo halikunifurahisha, najua mwili ulioacha kutetemeka. Nikamtia mdomoni tone la maji yenye sukari na chumvi, likatoka pembeni.

"Mama," alisema wa pili, "umuweke mu kifua. Vile uliniwekaga."

Yeye alizaliwa wa miezi saba. Nilikuwa nimepanda kwa mama yangu huko Lemera, na hospitali ya kule ndiko alikozaliwa, kidogo hivi, ngozi inaonyesha hadi mishipa. Muuguzi alinivua blauzi, akamlaza katikati ya maziwa yangu, akatufunga pamoja kwa kitenge, akasema: huyu hatoki hapo, ngozi kwa ngozi, weye njo moto wake. Nilikaa naye hivyo wiki tano, nikala naye, nikalala naye nimekaa. Hiyo ndiyo hadithi anayoipenda. Watoto wengine wanaomba hadithi za sungura, yeye anaomba ile ya siku alipokuwa ndani ya blauzi ya Mama.

Sasa ningemwambia nini? Kwamba kifua kina ubaguzi?

Nilifungua vifungo nikamweka. Mungu wangu, alikuwa baridi kama ndagala za alfajiri. Nilijifunga kitenge juu yake, nikaketi karibu na jiko, na wale watatu wakanizunguka. Tulikaa hivyo mvua ikinyesha. Nilikuwa nasikiliza kwa ngozi kama kitu kinapiga. Kilikuwa kinapiga, mbali sana, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu.

Nilimpa tone. Likatoka. Nilimpa jingine. Likatoka. La tano au la sita, alimeza.

"Amemeza!" wa pili alipiga kelele, na mdogo wao akapiga makofi bila kujua kwa nini.

Kabla giza halijaingia paka alinikojolea, kojo moto, kuanzia kifuani hadi kitovuni. Nilishangilia kama mtu aliyebatizwa.

Mume wangu alirudi ameloa akatukuta hivyo. Alitazama kifua changu kinachocheza, akatazama jiko, akatazama wasichana. Alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," nilimwambia.

Hakusema. Hilo analiweza.

Ijumaa ilibidi niende sokoni, ndagala hazingojei mgonjwa. Na mgonjwa naye hakuweza kubaki, maana nikimtoa anaanza kulegea. Nilikwenda naye kifuani, nikajifunika kitenge cha pili, nikakaa mbele ya beseni langu na uso wa mtu asiyetaka maswali. Mteja wa kwanza aliinama kupima ndagala kwa macho, na kutoka kwangu ikasikika: nyau.

Aliinuka. Alitazama beseni. "Mama, ndagala zako ziko zinalia?"

"Ni za leo asubuhi," nilimwambia. "Bado ziko na uhai."

Jirani yangu wa mezani, mama mmoja wa mihogo ambaye Mungu alimnyima siri, alivuta kitenge changu akachungulia. Soko zima likajua. "Jameni, mukuje! Mwenzetu amezaa, na mtoto iko na mkia!" "Anafanana na baba yake?" "Masharubu ni ya baba yake!" "Kilo ngapi, mama? Tulete sabuni ya uzazi?" Mmoja alikuja kweli na kipande cha sabuni, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akapiga magoti, wote wakavunjika mbavu. Niliwatukana mmoja mmoja kwa zamu. Sabuni nilichukua. Na niliuza beseni lote kabla ya saa sita, kwa sababu kila aliyekuja kuona paka aliona aibu kuondoka mikono mitupu.

Jumamosi asubuhi mume wangu alivaa koti lake. Tulikuwa tunakunywa chai. Paka alikuwa mapajani mwangu, anatembea akianguka, anaanguka akitembea. Mume wangu alishusha zipu ya koti taratibu, ile aliyoishusha Jumanne.

"Jumamosi imefika," alisema.

Wasichana waliacha kutafuna. Wa pili alinitazama kwa macho yale, na mikono yake ilikuwa imeshashika ukingo wa kitenge changu.

Nilimwambia mume wangu, "Nenda kwanza ulete ile kopo ya maziwa. Ile yenye mpira."

Hakuuliza kopo gani. Tulitazamana, na ilikuwa mara ya kwanza tangu kituo cha afya tunatazamana bila mmoja kukwepa. Alipanda akalileta. Tulikwenda hadi chooni sisi wawili, paka kwenye mkono wangu wa kushoto, nikaitupa pakiti nikasikia inavyoanguka. Kopo nalo nikalitupa, maana wa pili alikuwa ametufuata na alishaanza kulitazama kama sahani ya paka.

"Ingine iko wapi?" aliuliza mume wangu.

"Haiko ingine."

"Nakuamini."

"Ungeuliza ile siku, baba watoto. Ungenigombeza kidogo, basi. Ungenisaidia."

"Na weye ungeniletea paka?"

Nilimpiga bega. Akafunga zipu ya koti lake, akaenda gereji.

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Panya bado wako, nisidanganye. Magunia tumeyapandisha juu ya mbao, na nimemfunga mtoto kengele ndogo mguuni, namsikia popote anapotambaa. Paka amepata mfupa. Mama mkwe anasema ni yale mawese, na mimi sina nguvu za kubishana naye. Mchana analala mgongoni kwa binti yangu, akichoka huko anakuja kuning'ang'ania blauzi kwa kucha, anataka kuingia, hajui kwamba amekua na kifungo hakifungi tena.

Juzi nilikuwa nimeketi nachambua ndagala. Alikuja kutoka nyuma ya magunia, mkia juu, akaweka kitu juu ya mguu wangu, akarudi nyuma kunitazama. Wasichana walikuja mbio, wakainama, wakainua vichwa pamoja.

"Mama! Ulisemaga nini?"

Alikuwa mende. Mkubwa, wa kahawia, amekufa kabisa.